UZI: Dueti ya mapenzi kwenye tamthilia ya muziki – kwa nini zetu zinageuka wimbo wa kwaya, na namna ya kuzipanga

#1 Mwl wa Nota (Iringa)

Kamwene wakuu.

Kiangazi ndicho kipindi ambacho kumbi zetu za Nyanda za Juu Kusini zinafaa kwa michezo ya nyimbo, maana Novemba ikifika bati halimwachii mwimbaji nafasi. Naleta mada ya wimbo mmoja tu katika mchezo mzima: ule wa wawili wanaopendana. Wimbo wa kundi zima unawaka, wimbo wa kuchekesha unawaka, ukifika huu ukumbi unaanza kushika simu.

Sababu naiona moja. Sisi ni watu wa kwaya. Ukitupa waimbaji wawili na mistari miwili, kufika mstari wa pili tumeshampa dada sauti ya kwanza na kaka sauti ya tatu. Unakuwa mtamu, ila ni utamu wa ibada ya ndoa. Sauti mbili zikishapatana, msikilizaji anaelewa kuwa hawa wawili wameshakubaliana. Sasa kama wamekubaliana mstari wa kwanza, dakika tatu zilizobaki anasubiri nini?

Kwenye tamthilia, kuimba pamoja ni tukio la hadithi, sawa na kufungua barua au kuvunja uchumba. Kunapaswa kuwekwa mahali pake na kucheleweshwa.

Mpangilio ninaoupendekeza, nne kwa nne (kila kipimo mapigo manne), mapigo 76 kwa dakika:

Muziki chini ya maongezi: vipimo 8
Mwanaume peke yake: vipimo 16
Mwanamke anajibu peke yake: vipimo 16
Wanakatizana, vipande vya vipimo viwili viwili kisha kimoja kimoja: vipimo 8
Kila mmoja na maneno yake kwa wakati mmoja: vipimo 8
Maneno yale yale, pamoja: vipimo 8
Mwisho: vipimo 4

Jumla 68, yaani mapigo 272, kama dakika 3 na sekunde 35. Angalieni: sauti mbili hazisikiki kwa pamoja mpaka vipimo 48 vimepita, dakika mbili na nusu hivi. Hapo ndipo nataka tubishane.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie uzi mzima. Kibanda cha kusubiri gari Uyole, mvua imewabana. Kaka anakwenda njia ya Tukuyu, dada anakwenda njia ya Makambako. Hakuna aliyemtamkia mwenzake lolote. Wazo lao la kwanza: "Mvua ikikata, nitashika njia."


#2 Sauti ya Tatu (Mbeya mjini)

Mwalimu, nakubali nusu. Dakika mbili na nusu za kupokezana ni ndefu kwa ukumbi wetu. Mtu kalipa kiingilio asikie teno na soprano zikikutana.

Mimi ningepunguza beti ya dada iwe vipimo 8. Kaka kashatueleza hali, dada hana haja ya kuanza upya. Aanzie pale kaka alipoishia.


#3 Mwl wa Nota

Kata ukipenda, ila usikate beti ya dada ukaacha ya kaka nzima. Ukifanya hivyo umetunga wimbo wa kaka wenye msindikizaji. Kata zote mbili ziwe 12, unabaki na 60. Mapigo 240, dakika tatu na sekunde tisa hivi. Pamoja inaingia kwenye kipimo cha 41. Hapo umenishinda kwa haki.


#4 Binti Kihesa

Niongezee upande wa maneno, kwa sababu mpangilio wa mwalimu hauwezi kusimama kama mashairi yanasema "nakupenda" mstari wa kwanza.

Mabingwa wa Marekani walilihangaikia hili mapema. Oscar Hammerstein II, mwandishi wa maneno ya nyimbo za jukwaani, alilitatua katika Show Boat (1927), Oklahoma! (1943) na Carousel (1945). Wapenzi wake kwenye dueti hawakiri. Katika Show Boat wanajifanya wanaigiza tu kwamba wanapendana. Katika Oklahoma! wanaonyana wasifanye mambo yatakayowafanya watu waseme. Katika Carousel ni "kama ningekupenda", na wanaimba kwa zamu, maongezi yakiingia katikati ya muziki. Kila mtu ukumbini ameshajua, wao wawili tu ndio wanakataa. Mvutano huo ndio unaobeba dakika tatu.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mapenzi ya huku tangu zamani hupitia kwa mshenga na kwenye fumbo. Msichana wa kwenye jukwaa akisema "viatu vyako vimelowa" pale Uyole, watu wa Mbeya wataelewa kuliko angesema moyo unamwenda mbio. Kwa hiyo kanuni yangu: neno penda na jamaa zake wote marufuku mpaka vipimo vinane vya pamoja. Na hata hapo, mkiweza kuliruka kabisa, bora zaidi.

Kwa mfano wa mwalimu, mstari wa kwanza "Mvua ikikata". Wa mwisho, wanaoimba pamoja: "Mvua isikate". Hesabu silabi zinavyoimbwa: m-vu-a-i-ki-ka-ta, saba. M-vu-a-i-si-ka-te, saba. Mkazo mahali pale pale, kwenye ka. Tuni haiguswi hata noti moja, lakini maana imegeuka kichwa chini. Tayari wamekiri na hakuna aliyetamka.


#5 Gangilonga

Dada umeua. Naomba nota za mstari huo tuanze kuuchezea.


#6 Mwl wa Nota

Doh (noti ya msingi, d) ni F, nne kwa nne, unaanza na pigo la nne:

:s, |d :r |m :r |s :– |– :m |
m | vu a | i ki | ka – | – ta |

Tazameni mambo mawili. Kwanza ile m ya mwanzo. Katika tuni hii inaimbwa kama silabi kamili na lazima ipewe noti yake. Waimbaji wengi huimeza, wakaanza na "vu" kwenye pigo la nne, mstari mzima ukawahi pigo moja. Tatizo ni lile lile kwa mpenzi, mchumba, mtoto, nchi. Lakini ng ya nguo au nd ya ndoto haiombi noti, hiyo inashikana na irabu yake.

Pili, ka imekaa baada ya mstari wa kipimo, penye pigo zito, na imeshikwa mapigo matatu. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi noti ndefu iwe hapo. Anayeshikilia silabi ya mwisho ("ikikataaaa") anaimba tangazo la mnada.

Mtego mkubwa uko beti ya pili. Beti ya kwanza umeandika "moyo wangu", mkazo mo na wa. Beti ya pili mtu anaweka "moyoni mwangu" juu ya tuni ile ile. Silabi imeongezeka na mkazo umehama kwenda yo. Ama ubadilishe noti za kuanzia, ama ubadilishe maneno. Usimwachie mwimbaji akabanebane jukwaani.


#7 Sauti ya Tatu

Na irabu za juu. Soprano akifika E ya juu na kuendelea, i na u zinabana koo, maneno hayasikiki tena. Kilele kikae kwenye a, o au e. Ndiyo maana "isikate" inafaa: noti ndefu ni a, inaishia e. Mtu angeandika "ninakusubiri" hapo juu ingekuwa mateso, mkazo uko kwenye bi na mwisho ri, i zote mbili.


#8 Mama Soprano (Njombe)

Wenzangu mmeruka jambo la kwanza kabisa: doh mnaipata wapi? Kiongozi anatunga kwenye F kwa sababu kinanda kinamlalia vizuri, kisha anatafuta waimbaji. Kinyume chake ndiyo sawa. Pata waimbaji, pima, halafu panga doh.

Tuni ya mwalimu tuseme inatembea kutoka s ya chini mpaka l, hatua tisa. Sauti za kwaya za kawaida, zisizo na mafunzo ya miaka mingi, zinatulia humu:

Besi na baritoni: A ya chini mpaka D inayofuata C ya kati.
Teno: D ya chini mpaka G iliyo juu ya C ya kati.
Alto: G iliyo chini ya C ya kati mpaka C ya juu.
Soprano: D inayofuata C ya kati mpaka G ya juu kabisa.

Sasa jozi zenu.

Teno na soprano: doh G. Wote wanatembea D mpaka E, kila mmoja kwenye oktavi yake. Jozi rahisi, ndiyo maana kila mtu anaitaka.

Baritoni na soprano: kaka doh F (C mpaka D), lakini dada kwenye F atazama kwenye C ya kati, hapo soprano hana nguvu. Kaka aimbe F, dada akiingia mpandishe doh iwe G. Kipimo kimoja cha D7 kinatosha kuvuka. Na kupanda huko kunasaidia hadithi, msikilizaji anahisi joto limeongezeka bila kujua kwa nini.

Baritoni na alto: doh E♭ wote. Sauti za watu wazima. Kama wahusika wenu ni wajane wawili, msitafute nyingine.

Teno na alto: hii ndiyo ndoa ngumu. Alto anataka E♭ (anatembea B♭ mpaka C). Teno kwenye E♭ anazama chini, hasikiki. Teno anataka A♭. Basi kaka A♭, dada E♭, na mkifika pamoja mbaki E♭, dada akishika tuni na kaka akikaa chini yake kwa hatua sita, si tatu. Akikaa hatua tatu chini ya alto, yeye atakuwa anapiga kelele kwenye G na dada yuko sehemu tulivu. Atamfunika.


#9 Gangilonga

Hapo kwenye "hatua tatu" fafanua kidogo, maana ndicho tunachofanya siku zote. Dada tuni, kaka tatu chini.


#10 Mama Soprano

Tatu chini kwa jina la noti ni sawa, tatizo ni oktavi. Chukua neno "ka" kwenye doh G. Dada yuko s, yaani D ya juu. Kaka ukimpa m iliyo chini yake moja kwa moja, ni B iliyo karibu na kilele cha alto, hakuna mwanaume wa kawaida atakayeifika. Kwa hiyo m hiyo ishushe oktavi: B iliyo chini ya C ya kati. Umbali wao sasa ni hatua kumi. Dada yuko kwenye eneo lake linalong'aa, kaka yuko kwenye eneo lake la kifua, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hatua kumi ndiyo nafasi nzuri kuliko zote kwa mwanaume na mwanamke. Hatua sita ni ya pili. Hatua tatu halisi waachieni wasichana wawili.

Na msikae hatua kumi vipimo vyote vinane. Vinne vya mwanzo tuni moja, oktavi tu. Gawanyikeni vipimo vinne vya mwisho. Masikio ya watu yanahitaji kwanza kusikia wamekuwa kitu kimoja, ndipo wafurahie kugawanyika.


#11 Mzee wa Matarumbeta (Rungwe)

Ndaga fijo kwa somo. Lakini mmesahau kwamba huku kwetu mchezo hauwi mchezo bila matarumbeta, na matarumbeta ni ya B♭. Doh F kwenu, kwetu tunasoma G. E♭ kwenu ni F kwetu. B♭ kwenu ni C. Zote safi. Ila mkipandisha kwenda G, sisi tunasoma A, kreshi (alama za kupandisha noti) tatu, na vijana wetu wengi wataanza kupapasa.

Pendekezo: baritoni na soprano watumie E♭ kisha F, badala ya F kisha G. Kupanda ni kule kule, hatua moja.


#12 Mama Soprano

Mzee, kwenye F soprano wangu anagusa C ya kati.


#13 Mzee wa Matarumbeta

Anaigusa mara ngapi? Ni ile noti ya "m" tu, ya kuanzia. Mpe d badala ya s ya chini, amekwisha kupona. Tuni haiumii, kaka abaki na s yake.


#14 Mama Soprano

Hiyo naikubali. Mwandiko ubadilike beti ya dada tu.


#15 Gangilonga

Kwa wapiga gitaa: E♭ kisha F, weka kapo (kibano cha shingo ya gitaa) kijiti cha tatu. Unapiga umbo la C kwa kaka, umbo la D kwa dada. Kapo haiguswi katikati ya wimbo.

Mzee, swali: matarumbeta hayawamezi?


#16 Mzee wa Matarumbeta

Yanawameza wakipigiwa wakiwa wanaimba. Kwenye dueti sisi tunaingia mahali patatu tu: vipimo viwili vya kuvusha kati ya kaka na dada, pumzi ya mwisho kabla ya "isikate", na vipimo vinne vya mwisho. Watu wawili, tarumbeta moja na trombone moja, wamegeuzia midomo ya vyombo ukutani au wameweka kitambaa. Kundi lote lisubiri wimbo wa kundi.

Na baridi. Juni na Julai ukumbi wa jioni huku Tukuyu au kule Makete ni baridi kweli, chombo cha shaba kikiwa cha baridi kinashuka chini ya kinanda. Kipulizeni hewa ya moto bila kupiga sauti, dakika kadhaa kabla, na muendelee kukishika mkononi, kisiachwe sakafuni. Gitaa lenyewe linakwenda kinyume: ukilityuni kwenye baridi, taa za jukwaa zikilipasha nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Litunieni jukwaani taa zikiwa zimewaka.


#17 Fundi Mitambo Soweto (Mbeya)

Nimesoma yote nikicheka kimoyomoyo, maana mnapanga noti vizuri halafu mnatukabidhi sisi tuharibu. Ngoja niseme ya maiki.

Maiki za mkononi kwenye dueti ya mapenzi: zinaua. Mkono mmoja umeshika maiki, wa pili hauna cha kufanya, na watu wawili wanaopendana wanaonekana watangazaji. Kama ndizo mlizonazo, ziwekeni kwenye stendi na mchezo upangwe kuzunguka stendi. Kanuni ya umbali: nafasi kati ya maiki na maiki iwe angalau mara tatu ya nafasi kati ya mdomo na maiki. Mdomo uko sentimita 15, basi maiki ziachane sentimita 45 au zaidi. Mkizikaribisha kuliko hapo kila sauti inaingia kwenye zote mbili kwa kuchelewana kidogo, zinakatana.

Maiki ndogo za kuvaa: usiibandike kwenye kola wala kifuani. Dada akiinamisha kichwa sauti inapanda, akigeuka inapotea, na kitenge kinasugua. Iweke kwenye mstari wa nywele juu ya paji la uso, waya upite nyuma ya sikio, plasta ya ngozi shingoni. Umbali wa mdomo haubadiliki hata ageuke vipi.

Sasa siri inayowashinda mafundi wengi. Wakikaribiana kwenye "isikate", maiki ya dada inasikia kaka na ya kaka inasikia dada. Sauti inakuwa nyembamba kama inatoka ndani ya bomba la maji, na fundi anafikiri ni spika. Anaongeza, inaanza kupiga mluzi. Dawa: wakiwa karibu kiasi cha kugusana, zima maiki moja. Kabisa. Iliyobaki inawabeba wote wawili. Acha ya mwenye sauti ndogo, maana mwenye kubwa atajiingiza mwenyewe. Mkao huo uandikwe kwenye nakala ya fundi kwa neno, si kwa hisia: "baada ya 'njia', zima ya kaka."

Kata besi chini ya hezi 100 mpaka 120 kwenye maiki zote mbili, kishindo cha mbao za jukwaa kinaondoka. Spika kubwa ziwe mbele ya waimbaji, kamwe si nyuma. Betri mpya kila onyesho, hata kama zile za jana zinaonyesha zimejaa. Betri nusu ndiyo inayokatika kwenye noti ndefu.


#18 Binti Kihesa

Umesema "wakikaribiana". Na hili la kukaribiana tulipange, maana ndilo wazazi na wachungaji wanalolisubiri mbele pale.

Waanze mbali, mita tatu au nne, kila mmoja nguzo yake ya kibanda. Kila sehemu ya wimbo inapunguza nafasi. Kaka asogee akimaliza beti, si akiwa anaimba. Dada akimaliza yake, asogee yeye. Wakikatizana wasimame, maneno yenyewe yanatosha. Wakati wa maneno mawili tofauti wageuze migongo kidogo, kila mmoja anajisemea. Wakifika pamoja, mita moja. Kugusana ni kipimo cha mwisho tu, mkono kwa mkono, au hata bila mkono.

Wasitazamane uso kwa uso. Ukimgeukia mwenzako kabisa ukumbi unaona sikio, na sauti inakwenda pembeni mwa jukwaa. Miguu na mabega yaelekee watu kwa nusu pembe mraba, digrii 45, macho tu ndiyo yamwendee mwenzake. Mstari wa siri zaidi uimbwe mbele kabisa, mbali na macho ya mwenzake, kwa kuwa mwoga ndivyo anavyofanya.

Busu haihitajiki, na kwenye noti ya mapigo sita haiwezekani hata ukiitaka. Kitu cha kupokezana kinafanya kazi zaidi: mwavuli, koti, khanga. Koti linakaa vizuri kwa hali ya hewa yetu, ila kaka alivue kwenye vile vipimo viwili vya matarumbeta. Kuinua mikono yote miwili huku unaimba kunavuta mbavu juu na pumzi inapotea katikati ya mstari.


#19 Sauti ya Tatu

Pumzi zenyewe: Iringa tuko juu kiasi cha mita 1,500 na zaidi, Mbeya kama 1,700. Mgeni kutoka Dar anayekuja kuimba akifika mchana wa onyesho atapungukiwa kwenye mistari mirefu. Aje mapema, na alama za pumzi ziwekwe kila vipimo viwili badala ya vinne. Hewa ya kiangazi pia ni kavu, maji ya uvuguvugu yawe pembeni.

Wakiimba kwa zamu kila mtu apumue anavyotaka. Wakiimba pamoja wapumue pamoja, pumzi moja inayoonekana. Na kukata noti ya mwisho: Kiswahili kinaishia irabu, hakuna konsonanti ya kuwasaidia kufunga. Hesabuni. Noti ina mapigo sita, mdomo unafungwa pigo la saba. Mwenye kuongoza kukata awe mmoja, aliyeshikwa mkono amfuate kwa kubanwa kidole.


#20 Gangilonga

Ile sehemu ya maneno mawili kwa wakati mmoja, kwetu inakuwa vurugu kila mara. Nini kinakosewa?


#21 Mwl wa Nota

Mmeweka maneno mapya pande zote mbili. Sikio linashika mstari mmoja tu wa maneno. Basi mmoja arudie maneno ambayo watu wameshayasikia (kaka: "mvua ikikata, nitashika njia"), mwingine ndiye mwenye mapya. Na mmoja akitembea, mwingine ashikilie. Kaka ana noti ndefu kwenye "ka", hapo ndipo dada anapopenyeza silabi zake nne. Dada akishikilia, kaka anatembea. Andikeni mistari miwili juu na chini mtazame: palipo na silabi mbili zinazogonga pamoja, sogeza moja nusu pigo.

Mazoezi ya sehemu hii: kwanza waseme maneno bila tuni, kwa mdundo. Kisha kila mmoja aimbe wake wakati kinanda kinapiga wa mwenzake. Kisha wabadilishane, kaka aimbe ya dada. Ndipo waunganishwe. Mkianza kwa kuwaunganisha, mwenye sauti dhaifu atavutwa kwenye noti za mwenzake na hatatoka tena.


#22 Makete Baridi

Hamjagusa kutunza. Wimbo wa mapenzi ukinoga, mashangazi watapanda jukwaani na noti za elfu elfu katikati ya beti ya dada. Na vigelegele kwenye "isikate".


#23 Binti Kihesa

Kutunza hakuzuiliki kwa tangazo, kunapangwa. Mshereheshaji aseme mapema kuwa kuna kapu mbele na waigizaji watatunzwa mwisho. Wachache watapanda tu. Muigizaji asipokee, asitabasamu kwa shangazi, aendelee kumtazama mwenzake. Pesa idondoke kibandani, kijana wa vifaa ataikusanya taa zikizimwa.

Vigelegele viachieni nafasi. Kabla ya vipimo vinane vya pamoja weka vipimo viwili vya kurudia, mpiga kinanda avizungushe mpaka kelele ishuke, kisha dada anavuta pumzi kubwa na hiyo ndiyo ishara. Hili ndilo linalofanya nikatae muziki uliorekodiwa kwa wimbo huu. Rekodi haisubiri mtu.


#24 Fundi Mitambo Soweto

Naunga mkono, na umeme nao. Dueti ndiyo wimbo pekee wa mchezo unaoweza kuendelea umeme ukikatika, kama mmejiandaa: gitaa kavu liko mkononi, mpigaji anajua nafasi ya kapo, na waimbaji wameshauimba angalau mazoezi kadhaa bila maiki. Kinanda kinachokubali betri kiwekewe betri kabla. Wakikatikiwa, wasogee mbele ukingoni mwa jukwaa na wasisimame kuuliza.


#25 Sauti ya Tatu

Na mvua ya kweli kwenye bati? Mchezo unahusu mvua, itakuwa vichekesho.


#26 Fundi Mitambo Soweto

Mvua kubwa kwenye bati lisilo na dari, hakuna maiki inayoshinda, ukiongeza unaongeza kelele zote mbili. Kati ya Desemba na Aprili fanyeni asubuhi, mvua zetu hupenda mchana kuelekea jioni. Au tafuteni ukumbi wenye dari. Ikiwakuta, simamisheni kwenye vile vipimo viwili vya kurudia mpaka ipungue.


#27 Gangilonga

La mwisho kutoka kwangu: wakichukua dueti ya mchezo wa nje na kutafsiri tu maneno, kuna shida?


#28 Mwl wa Nota

Ipo. Kutafsiri ni haki ya mwenye kazi, kwa sheria yetu ya hakimiliki Namba 7 ya 1999, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Michezo mingi mikubwa ya Marekani inatolewa kibali na makampuni kama Music Theatre International na Concord Theatricals, na kibali cha kuigiza hakikupi ruhusa ya kutafsiri, hiyo inaombwa peke yake. Tungeni yenu, kisha msajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maneno na nota, majina ya watunzi wote yakiwemo. Mtunzi wa maneno na mtunzi wa tuni wakiwa wawili, waandikiane mgawanyo kabla ya onyesho la kwanza.

Kesho naweka nota kamili za vipimo 60, E♭ kwenda F, na ile d ya Mzee kwenye beti ya dada. Mwenye printa Mafinga aniambie PM.